Mwalimu wa Udereva na Mwanafunzi Wake: Kufundisha kwa Kumzingatia Anayefundishwa

(Ifuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu wa skuli za udereva wa Unguja na Pemba. Inachapishwa katika ukurasa huu kwa manufaa ya watumishi wa Serikali na wananchi wote wanaojifunza, au wanaokusudia kujifunza, kuendesha gari.)





Chukuliwe mfano wa mtumishi mmoja wa Serikali, mwanamke wa umri wa miaka arubaini, aliyejifunza gari kwa muda wa wiki sita. Mwalimu wake alikuwa mtu hodari na mwenye moyo mwema. Gari yake ya mafunzo ilikuwa na breki ya pili upande wa kushoto, na mguu wake haukuondoka juu ya breki hiyo hata dakika moja. Kila walipoukaribia mzunguko wa Michenzani mwalimu alisema: "punguza", "gia ya pili", "tizama kulia", "haya, nenda", na pale mwanafunzi alipochelewa, mguu wa mwalimu ulikuwa umekwisha fanya kazi yake. Wiki ya saba mwanafunzi huyo alifanya mtihani, akafaulu, akapewa leseni. Siku ya tatu baada ya hapo alitoka nyumbani peke yake kwenda kazini, akaipata njia ya Mwanakwerekwe saa moja ya asubuhi, wakati watoto wa skuli wanapovuka kwa makundi. Mtoto mmoja aliachana na wenzake akakimbilia barabarani. Dereva alimwona, tena alimwona mapema. Lakini kwa muda wa nukta moja alisubiri sauti ya upande wa kushoto imwambie la kufanya, na sauti haikuja.

Katika mfano huu mtoto alisalimika, kwa kuwa dada yake alimdaka nguo. Dereva naye alisimamisha gari, akakaa pale muda mrefu mikono ikimtetemeka, huku gari za nyuma zikimpigia honi. Hakuvunja sheria yoyote. Mwendo wake ulikuwa wa chini na leseni yake ilikuwa halali. Hata hivyo linabaki suala moja, nalo ndilo kiini cha mazungumzo haya: katika wiki zile sita, ni nani hasa aliyekuwa akiendesha gari?

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 1.19 walifariki kwa ajali za barabarani ulimwenguni katika mwaka 2021, na ajali hizo ndizo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya vifo tisa katika kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya nusu ya wanaokufa ni wale wasiokuwamo ndani ya gari: wenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Zanzibar, ambayo kwa sensa ya mwaka 2022 ilikuwa na watu 1,889,773, ina barabara zinazotumiwa kwa pamoja na daladala, vespa, baiskeli, gari za ng'ombe, mikokoteni, wageni waliokodi gari na watoto wa skuli. Katika barabara ya namna hiyo dereva asiyeweza kuamua peke yake ni hatari, hata kama anazijua alama zote za barabarani kwa moyo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza kinaeleza kuwa gari inayokwenda mwendo wa kilomita 48 kwa saa huhitaji mita 23 mpaka isimame kabisa katika barabara kavu. Katika mita hizo, 9 hupotea dereva akiwa bado anafikiri, na 14 hupotea breki ikiwa imekwisha kukanyagwa. Mwendo huo ni sawa na mita 13 kwa kila nukta. Basi dereva anayesubiri nukta moja zaidi ili aambiwe, husimama mita 36 mbele badala ya 23. Hizo mita 13 zimeongezwa na mazoea aliyotoka nayo katika gari ya mafunzo, maana breki ilikuwa nzima na lami ilikuwa kavu.

Kufundisha kwa kumzingatia anayefundishwa ni njia ya kuyazuia mazoea hayo yasijengeke. Wako watakaodhani kuwa jambo hili ni la kigeni, limeletwa kwa ndege pamoja na mambo mengine. Si hivyo kabisa. Aliyesoma chuoni zamani anakumbuka kuwa watoto thelathini walikaa juu ya mkeka mmoja, lakini hawakuwa na somo moja. Huyu alikuwa katika alifu, yule katika juzuu ya Amma, mwingine amekwisha fika Yasini. Mwalimu alimwita mmoja mmoja, akamsikiliza pale alipofikia, na hakumpandisha mpaka amwone amethibiti. Fimbo ilikuwapo, ni kweli, na wengi wanaikumbuka zaidi fimbo kuliko kule kusikilizwa; lakini aliyehifadhi alihifadhi kwa kusikilizwa kila siku pale penye kosa lake. Hali kadhalika katika vyombo vya baharini, ambako ndiko neno usukani lilikotoka. Nahodha anayemfunza kijana kuongoza jahazi hamtajii kila wimbi. Humkalisha, akamwuliza upepo unatoka wapi, kisha akamwacha ausikie usukani unavyovuta mkononi mwake, huku yeye yuko karibu.

Kwa upande wa wataalamu wa nje, fikra hii hunasibishwa sana na Carl Rogers, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani aliyeishi baina ya mwaka 1902 na 1987. Yeye alikuwa akiwahudumia watu wenye matatizo ya moyo na fikra, na alipendelea kuwaita wateja badala ya wagonjwa, kwa hoja kwamba mtu mwenyewe ndiye anayejua kinachomsumbua. Kitabu chake mashuhuri juu ya njia hiyo kilitoka mwaka 1951, na baadaye akaipeleka fikra hiyohiyo katika elimu. Ndiyo maana walimu wa udereva wa Uingereza humwita mwanafunzi wao mteja, nao humaanisha zaidi ya kwamba analipa ada.

Uingereza inatajwa hapa kwa sababu mbili. Kwanza, Zanzibar na Uingereza zote huendesha upande wa kushoto. Pili, huko mtihani wa kupata kibali cha kufundisha udereva ulibadilishwa mwezi wa Disemba 2017. Kabla ya hapo mtahini mwenyewe alijifanya mwanafunzi, akafanya makosa ya kuigiza, ili aone kama mwalimu atayagundua. Baada ya mabadiliko, mwalimu alitakiwa amfundishe mwanafunzi wa kweli, na mtahini akae kiti cha nyuma kutizama. Vikawekwa vipengele 17 vya kupimwa, kila kimoja kwa alama 0 hadi 3, katika mafungu matatu: kupanga somo, kudhibiti hatari, na mbinu za kufundisha. Jumla ni alama 51, na aliyepata pungufu ya 31 hushindwa. Lakini wakaongeza sharti linalofaa kuzingatiwa sana: mwalimu aliyepata alama 7 au pungufu katika fungu la kudhibiti hatari hushindwa, hata kama mengine yote ameyapata kamili. Hivyo basi hakuna ukweli wowote katika maneno ya wanaosema kuwa kumzingatia mwanafunzi ni kumdekeza.

Mtu mzima anaweza kuuliza kwa nini ulazima huu, maadam zamani watu walijifunza kwa kukaripiwa na bado wakaendesha. Jawabu linapatikana katika nchi za kaskazini ya Ulaya. Norway, mwaka 1979, iliwalazimisha madereva wapya kupata mafunzo ya ziada, yakiwamo ya kuimudu gari inapoteleza juu ya barafu. Nia ilikuwa njema na mafunzo yalikuwa ya kitaalamu. Mtafiti Alf Glad alipokuja kuyapima matokeo, taarifa yake ya mwaka 1988 ilionyesha kuwa vijana wa kiume waliopata mafunzo hayo walizidi kupata ajali katika barabara za utelezi badala ya kupunguza. Mwaka 1996 mtafiti wa Sweden, Nils Petter Gregersen, alichapisha jaribio lake lililosaidia kulieleza jambo hilo. Aliwagawa wanafunzi makundi mawili: moja likafundishwa ufundi wa kuikwepa hatari kwa breki na usukani, na la pili likaonyeshwa jinsi ufundi huo unavyoweza kumsaliti mtu. Walipopimwa, uwezo wao ulikuwa sawa. Tofauti ilikuwa kwamba kundi la kwanza lilijiona hodari kuliko la pili.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Mikono na miguu hufundishika haraka. Kijana aliyezoea vespa huishika gari ndani ya siku chache. Kinachochelewa ni kujijua. Zanzibar haina barafu, lakini ina mvua ya kwanza ya masika, ambayo huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyokwisha kaa barabarani, lami ikawa kama iliyopakwa sabuni. Kijana anayejiona bingwa huiingia mvua hiyo kwa mwendo uleule wa jana. Mwalimu anaweza kumwambia mara mia moja apunguze, naye akapunguza mara mia moja, kwa sababu mwalimu yupo.

Kutokana na tafiti za namna hiyo, wataalamu wa Ulaya, wakiwamo Mika Hatakka na Esko Keskinen wa Finland, walipanga malengo ya elimu ya udereva katika ngazi nne, na andiko lao likachapishwa mwaka 2002. Ngazi ya chini ni kuimudu gari yenyewe: klachi, gia, usukani. Ya pili ni kuimudu barabara na watumiaji wake. Ya tatu ni safari: kwa nini mtu anatoka, saa ngapi, na nani, na kwa haraka gani. Ya nne ni mwenyewe mtu: tabia yake, marafiki zake, anavyopenda kuonekana. Ngazi za juu huzitawala za chini. Skuli nyingi za udereva duniani, wala Zanzibar si peke yake, hufundisha ngazi mbili za chini na kuziacha mbili za juu kwa majaaliwa.

Ngazi hizo za juu haziwezi kufundishwa kwa amri. Hakuna mwalimu anayeweza kumwamuru mtu ajijue. Hapana budi amwulize, na amsikilize anavyojibu.

Kazi huanza kabla ya gari kuwashwa. Mwalimu anayemzingatia mwanafunzi wake huuliza juu ya somo lililopita: nini kilikwenda vizuri, nini kilimtia hofu, na leo angependa kipi kishughulikiwe. Mwanafunzi wa mwanzo aghalabu hujibu, "Wewe ndiye mwalimu, wewe ndiye unayejua." Jawabu hilo ni la adabu na lisichukuliwe kuwa ni uvivu. Mwalimu anaweza kumpa mambo mawili achague: kuingia katika mzunguko, au kuegesha baina ya gari mbili. Akishachagua, waafikiane kiasi cha kufikia. Kusema "leo utajifunza mzunguko" hakutoshi. Lakini "leo utaingia katika mzunguko mara nne, na mara ya mwisho utaamua mwenyewe lini uingie" ni lengo ambalo wote wawili wataweza kulipima mwisho wa saa.

Hapo hapo, kabla ya safari, wapatane juu ya hatari. Nani anatizama nini? Mwalimu atashika breki wakati gani? Neno gani likisemwa maana yake ni kusimama bila ya kuuliza? Iwapo mwalimu atalazimika kuushika usukani, mwanafunzi ajue mapema kwamba jambo hilo linaweza kutokea na kwa nini. Kwa wanafunzi wa kike makubaliano haya yana uzito zaidi. Mwalimu mwenye heshima zake hafiki kwenye usukani au breki ya mkono ghafla bila ya kusema neno, isipokuwa pale maisha yanapokuwa hatarini. Wako wanawake walioacha mafunzo katikati bila ya kumweleza mtu sababu, na ada haikurudi.

Kisha huja kosa, maana kosa lazima lije. Chukuliwe mfano wa mzee mstaafu wa Pemba, kisiwa cha vilima, anayejifunza kwa kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho. Gari imesimama katika mlima karibu na Chake Chake, na kila akitaka kuondoka inazima. Mwalimu wa mtindo wa zamani angesema, "Usiachie klachi kwa haraka," na mara ya pili angelisema neno hilohilo kwa sauti kubwa zaidi. Kijana huyu anauliza:

"Mzee, gari ilipozima, mguu wako wa kushoto ulikuwa unafanya nini?"

"Niliiachia klachi, mwanangu."

"Uliiachia polepole au mara moja?"

"Mara moja. Niliona gari itarudi nyuma itugonge na ile daladala."

Maneno hayo ya mwisho yasingepatikana kwa ukali. Kosa halikuwa la mguu, lilikuwa la hofu. Mzee alijua vyema kuwa klachi huachiwa taratibu. Kijana anamwomba avute breki ya mkono, atoe miguu yote miwili, akae atizame. Gari haiendi popote. Wanakaa hivyo dakika nzima, daladala inapita na kwenda zake. Baada ya hapo mzee anawasha gari, anaiachia klachi kidogo kidogo mpaka asikie gari imeshika, ndipo anapoteremsha breki ya mkono. Somo lililokwama kwa siku tatu limekwisha kwa maswali mawili.

Inafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba swali lina wakati wake. Mahali penye hatari halina nafasi. Mwalimu anayemwuliza mwanafunzi "unaonaje ile lori inayokuja?" hali lori iko hatua ishirini ameiacha kazi yake. Pale husemwa "Simama!", na breki ya pili ikatumika bila ya haya. Lakini baada ya hapo gari ipelekwe pembeni, pahala pa salama, na mwanafunzi aelezwe kuwa breki ilishikwa na mwalimu, na aulizwe alikuwa akitizama nini wakati ule. Breki iliyoshikwa kimya kimya, kisha safari ikaendelea kama kwamba hapakutokea jambo, humdanganya mwanafunzi kwamba alisimama mwenyewe. Yule mtumishi wa Mwanakwerekwe alidanganywa hivyo kwa wiki sita, na aliyemdanganya alimpenda.

Mbinu nyengine ambayo haina gharama yoyote ni kumtaka mwanafunzi aseme kwa sauti kila anachokiona: "Mwenye baiskeli kushoto, hana kioo, hanijui nipo, daladala imewasha indiketa, namwachia, mbele tuta." Mwalimu anayesikiliza atajua macho ya mwanafunzi yako wapi. Atagundua mathalan kuwa mwanafunzi wake huitaja gari iliyo mbele yake tu na hajapata kutaja kioo hata mara moja. Kwa njia ya maelekezo ya mwalimu jambo hilo lisingejulikana, kwa kuwa mwalimu ndiye anayesema, na anayesema huyasikia macho yake mwenyewe.

Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Mwalimu mwenye uzoefu wa miaka ishirini ameyaona makosa yote, na ulimi wake hutangulia. Njia moja ya kujipima ni kumwomba mwalimu mwenzake akae kiti cha nyuma kwa saa moja na kuandika katika daftari maneno yote ya amri yaliyotoka: punguza, pinda, tizama, ondoka. Idadi ya amri katika somo la kwanza itakuwa kubwa, na ndivyo inavyostahiki. Lakini ikiwa katika somo la ishirini idadi ni ileile, basi mwanafunzi hajapiga hatua, hata kama gari inakwenda vizuri. Walimu wengi hawapendi kutizamwa na mwenzao. Daktari, fundi mwashi na karani wote hukaguliwa, na haijulikani ni kwa nini mwalimu wa gari adhani yeye ni mbali na hayo.

Sasa zije zile ngazi za juu. Nusu saa kabla ya magharibi, katika mwezi wa Ramadhani, barabara za mjini hubadilika. Watu waliokuwa wapole mchana hupita kushoto kwa mwenzao, hukata mizunguko na kuwapigia honi wazee. Wote wanaijua sheria. Wanachokimbilia ni futari na watoto waliokaa mkekani wakiwasubiri. Mwalimu anaweza kumweka mwanafunzi katika hali hiyo wakiwa wameegesha kivulini: "Umechelewa kazini, uko Tunguu, nyumbani ni Mtoni, adhana imebakiza dakika kumi. Utafanya nini?" Mwanafunzi wa kwanza atasema atakwenda polepole, kwa sababu anajua hilo ndilo jawabu linalotakiwa. Aulizwe tena: "Je, jana ulifanya hivyo ulipokuwa juu ya vespa?" Hapo atacheka, na mazungumzo ya kweli yataanza. Mmoja atasema ataondoka kazini mapema. Mwengine atasema ataweka tende na chupa ya maji ndani ya gari, adhana ikimkuta njiani afuturu pembeni, kisha aendelee. Uamuzi huo umetoka kwake na ataubeba. Ungelitoka kwa mwalimu angeliusahau siku aliyopata leseni.

Vivyo hivyo kwa kijana anayetaka kazi ya kuchukua wageni. Aulizwe atasema nini pale mgeni anapomhimiza kwa sababu boti inaondoka. Na hapa pana neno dogo kwa wakubwa wa kazi: mkubwa anayekaa nyuma ya gari ya Serikali akamwambia dereva "kaza mwendo, mkutano unaanza" naye ni mwalimu wa udereva wakati ule, tena mwenye sauti kubwa kuliko yule wa skuli.

Yako mashaka ya haki ambayo walimu wanayo. Mwanafunzi amelipia masomo ya idadi maalumu, na anataka leseni kabla ya Idi. Mjomba wake aliyetoa fedha anapiga simu kila siku kuuliza lini mtihani. Mwalimu akisema mwanafunzi bado, huambiwa anarefusha ili apate fedha. Akimpeleka hajawa tayari akashindwa, huambiwa hajui kufundisha. Ikiwa mwanafunzi ni mteja, je, mteja asipewe anachokitaka? Mfano wa fundi cherehani unasaidia. Mteja huchagua kitambaa na mshono, na fundi huchukua vipimo vya mwili wa mteja wala si vya mwili wake. Lakini kitambaa kikiwa hakitoshi kanzu, fundi humwambia hakitoshi. Hashoni kanzu ya mikono mifupi kwa kuogopa kumuudhi.

Jambo linalopunguza ugomvi huo ni daftari. Kila mwisho wa somo mwanafunzi ajipe mwenyewe alama kwa kumi katika mambo matatu au manne waliyoafikiana, na mwalimu atie zake pembeni. Alama hizo zikikaribiana, ni dalili njema, kwa kuwa mwanafunzi ameanza kujiona kama alivyo. Mwanafunzi akijipa tisa na mwalimu akampa nne, hilo ndilo somo la kesho, nalo lina umuhimu kuliko kuegesha. Na yule anayejipa tatu ilhali anastahiki saba naye anahitaji msaada wake, maana mwenye hofu husimama pale asipotarajiwa na wa nyuma yake. Mjomba akija kuuliza, daftari lipo. Na atakayelieleza ni mwanafunzi mwenyewe.

Ibakie habari ya yule mtumishi. Laiti wiki mbili za mwisho za mafunzo yake zingelikuwa tofauti, mambo yangelikwenda hivi. Mwalimu angelimwambia kuwa kuanzia siku hiyo mguu wake utakuwa sakafuni, mbali na breki ya pili kwa kadiri ya usalama, na kwamba hatatoa maelekezo ila ya njia tu. Mwanafunzi angelikataa, kama wengi wanavyokataa, na wangelikubaliana kuanza kwa dakika kumi, alasiri, katika njia isiyokuwa na watu wengi. Siku ya pili dakika ishirini. Kisha wangelikwenda kwa makusudi asubuhi, saa ileile atakayokuwa akienda kazini kila siku ya maisha yake.

Wanaikaribia Mwanakwerekwe. Mwalimu yuko kimya, anatizama pembeni kidogo tu. Hakuna mtoto hata mmoja barabarani, na njia iko wazi. Mwanafunzi anaondoa mguu kwenye mafuta, anatizama kioo, anateremsha gia. Gari inapungua mwendo. Mwalimu anamwuliza kwa nini amepunguza na hapana mtu.

"Saa hizi," anajibu bila ya kugeuza kichwa, "watoto wanakwenda skuli."